Kupanga Kozi za Umahiri wa Anthropolojia: Kutoka Kariakoo hadi Darasani

Shahada ya umahiri katika anthropolojia, taaluma inayochunguza maisha ya watu kwa kukaa karibu nao na kufuatilia kwa muda mrefu wanachokifanya na wanachokisema, kwa kawaida huwa na sehemu mbili: kozi zinazosomwa darasani na kupimwa kwa insha, semina na mitihani, na tasnifu, ambayo ni andiko refu linalotokana na utafiti wa mwanafunzi mwenyewe. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya ngazi hii hudai krediti zisizopungua 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, zikiwamo za mihadhara, maktaba, insha na maandalizi ya mitihani, hivyo anayejiandikisha anaahidi saa zipatazo 1,800 za maisha yake. Wanafunzi wengi huzitumia saa za kozi kana kwamba ni ushuru unaolipwa langoni ili mtu aruhusiwe kuingia kwenye tasnifu. Huchagua kozi kwa kuangalia ratiba isiyogongana na kazi, mhadhiri asiyebana alama, au somo ambalo rafiki amelimaliza mwaka uliopita na kuacha maelezo yake. Mwongozo huu unashauri njia ya kinyume, kwamba mpango wa kozi uanzie uwandani, yaani mahali utafiti utakapofanyika, urudi nyuma hadi darasani, na insha nyingi za kozi ziandikwe huku ikijulikana zitatumika katika sura gani ya tasnifu.

Kariakoo na maeneo yanayopakana nayo katikati ya jiji la Dar es Salaam, kama vile Gerezani, Jangwani, Mchikichini na Mnazi Mmoja, yanatumika hapa kuwa mfano kwa kuwa yanafikika kwa nauli ya mabasi ya mwendokasi, na pia kwa kuwa yameandikwa sana, jambo linalompa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kitu cha kusoma kabla hajapata kibali cha kuuliza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye Idara ya Sosholojia na Anthropolojia, kilianzia huko huko: mwaka 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilifungua milango yake katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, pembezoni mwa Kariakoo, na kikahamia Mlimani mwaka 1964, ingawa wanafunzi wengi wa leo hupita mtaa huo wakiwa na haraka ya kununua simu na hawana habari.

Hatua ya kwanza, inayopaswa kukamilika kabla ya fomu ya kozi kujazwa, ni kutafuta swali. "Machinga wa Kariakoo", yaani wachuuzi wadogo wa mitaani, ni mada, na mada haimsaidii mtu kuchagua kozi, kwa sababu karibu kila kozi ya sayansi za jamii inaweza kusema neno juu ya machinga. Swali hupatikana kwa kuangalia tukio dogo kwa makini hadi mwangaliaji afike mahali ambapo maelezo yake ya kawaida yanamwishia. Tukio lifuatalo ni la kila siku kwa anayeijua Kariakoo. Mama anayeuza nguo Songea anafika sokoni asubuhi kununua vitenge kwa bei ya jumla, na kabla hajaingia duka lolote anapokewa na winga, kijana asiye na fremu, yaani chumba cha duka, wala mzigo wake mwenyewe, ambaye kazi yake ni kujua nani ana mzigo gani na kumfikisha mteja kwake. Winga anataja bei, anakimbia kuchukua kitenge cha mfano kutoka duka la tatu, mama anaomba apunguziwe, wanapatana. Mwenye duka anapokea bei yake na winga anabaki na cha juu, yaani tofauti kati ya bei ya dukani na bei aliyolipa mteja. Risiti ya mashine ya kodi, ile ya EFD, inazungumzwa kwa sauti ya chini kuliko bei. Wakati huo huo, mlango wa pili, machinga anahesabiwa dazeni mbili za mashati mali kauli, yaani anazichukua bila kulipa kwa ahadi ya kuleta fedha jioni na kurudisha yasiyouzwa, na kilichoandikwa ni jina moja na tarakimu chache kwenye daftari la mwenye duka. Mzigo wa mama unafungwa, unapakiwa kwenye guta, yaani chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo, na dereva wa guta anaanza kupiga kelele ili apishwe njia.

Anayepanga kozi anashauriwa kuandika tukio kama hilo katika ukurasa mmoja, kisha apigie mstari kila asichoweza kukieleza. Kwa nini mwenye duka mwenye wasaidizi wa kulipwa amvumilie winga? Ni nani hupewa mali kauli na nani hunyimwa, na je, ukoo, dini, mkoa wa kuzaliwa au miaka ya kuzoeana ndivyo vinavyotazamwa, au ni kitu kingine? Kipande cha baraza anaposimama machinga ni cha nani, na nani alimruhusu? Risiti inaandikwa kwa ajili ya nani? Maswali hayo yanaelekea kwenye kozi tofauti: mawili ya mwanzo yanaangukia anthropolojia ya uchumi na ya undugu, la tatu ni la masomo ya miji, la nne ni la anthropolojia ya dola, tawi linalochunguza namna serikali inavyokutana na raia katika mambo madogo ya kila siku kama fomu, muhuri na faini. Mwanafunzi hana budi kuchagua moja liwe mhimili na kuliandika kwa sentensi moja, kwa mfano: mwenye duka wa Kariakoo huamua kwa misingi gani nani apewe mali kauli, na uhusiano wao hubadilikaje mdaiwa anaposhindwa kulipa? Sentensi hiyo itabadilika mara kadhaa kabla ya tasnifu kukamilika, lakini kozi huchaguliwa vizuri zaidi na sentensi inayobadilika kuliko mada isiyobadilika.

Sentensi ikishapatikana, kozi ya nadharia, yaani ya mawazo makuu yanayotumiwa kueleza matukio, huwekwa katika muhula wa kwanza, na katika vyuo vingi ni ya lazima, kwa hiyo hakuna uchaguzi mkubwa isipokuwa katika namna ya kuisoma. Kosa la kawaida ni kusoma nadharia kama orodha ya majina kwa mfuatano wa miaka, kila jina na kauli yake. Anayetoka na swali la mali kauli husoma tofauti. Marcel Mauss, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1925 uchambuzi wake maarufu kuhusu zawadi, alidai kwamba zawadi humfunga anayeipokea, naye msomaji wa Kariakoo atajiuliza kama mashati yaliyochukuliwa bila malipo asubuhi yamesimama upande wa zawadi, upande wa mkopo, au katikati. Clifford Geertz, katika makala ya mwaka 1978 iliyotokana na soko la mji wa Sefrou nchini Moroko, alieleza kwamba katika soko la namna hiyo habari ni adimu na haikugawanyika sawa, ndiyo maana watu hujenga uteja wa muda mrefu na kupatana bei kwa saa nzima. Kwa jicho hilo winga ni mfanyabiashara kamili, ila bidhaa yake ni habari. Keith Hart naye, kutokana na utafiti wake Ghana, alichapisha mwaka 1973 makala iliyolieneza wazo la shughuli zisizo rasmi, na msomaji aliyemwona machinga akipewa mzigo na duka lenye leseni ana haki ya kuuliza mpaka kati ya rasmi na isiyo rasmi umechorwa wapi hasa. Insha ya mwisho ya kozi ya nadharia ikiandikwa kwa kuwapambanisha waandishi wawili wa namna hii juu ya swali moja, sehemu ya nadharia ya pendekezo la utafiti huwa imeshaandikwa nusu.

Katika kozi hiyo hiyo haifai kukwepa doa la taaluma yenyewe. Baada ya uhuru, anthropolojia ilitiliwa shaka katika vyuo vingi vya Afrika, na shaka hiyo ilikuwa na msingi: Tanganyika ya mkoloni ilimwajiri Hans Cory kuwa mwanasosholojia wa serikali, akakusanya sheria za mila za makabila kadhaa kwa manufaa ya utawala, na karatasi zake zimehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Archie Mafeje wa Afrika Kusini, aliyefundisha sosholojia katika chuo hicho, alichapisha mwaka 1971 hoja kali dhidi ya mazoea ya wataalamu kueleza kila jambo la Afrika kwa kabila, na hoja hiyo bado inamhusu yeyote anayeelekea kuandika kwamba Wachaga wana biashara damuni au kwamba Wazaramo wameachia mji wageni. Kwa upande mwingine, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa ameshaandika kwa Kiswahili maelezo marefu ya desturi za Waswahili, yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, miaka 19 kabla Bronislaw Malinowski hajatoa kitabu chake cha Visiwa vya Trobriand ambacho mihtasari mingi ya kozi hukichukulia kuwa mwanzo wa ethnografia, yaani maandishi yanayoeleza maisha ya watu kutokana na kukaa nao. Mtoro husomwa, kama akisomwa, katika kozi za historia ya Pwani. Inafaa mwanafunzi amwingize katika insha ya nadharia na mbinu na kuona mhadhiri atasema nini.

Kozi ya eneo, ambayo ni kozi ya historia na jamii za mahali fulani, ndiyo yenye utajiri mkubwa zaidi kwa anayelenga Kariakoo, na ndiyo inayostahili saa nyingi kuliko krediti zake zinavyodai. Jina la eneo lenyewe linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliowekwa hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga ukumbi wa soko; na uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kutenganisha makazi ya Waafrika na mitaa ya Uhindini. Nani anamiliki majengo na nani anapanga fremu leo ni jambo lisiloeleweka bila mgawanyo huo. Kwa katikati ya miaka ya 1950 kuna uchunguzi wa J. A. K. Leslie uliochapishwa mwaka 1963, kazi ya ofisa wa utawala ambayo ina macho makali na mashaka ya kiofisa kwa wakati mmoja, na yapasa isomwe kwa kuzingatia yote mawili. Andrew Burton, katika kitabu cha mwaka 2005, anafuatilia jinsi wakoloni walivyojaribu kuwafukuza mjini vijana waliowaita wahuni. James Brennan, mwaka 2012, anachunguza jinsi mawazo ya taifa na rangi yalivyojengwa katika mji huu. Aili Mari Tripp, mwaka 1997, anaonesha jinsi familia za Dar es Salaam zilivyoishi kwa miradi midogo wakati mshahara uliposhuka thamani, mpaka serikali ikalazimika kulegeza masharti yake. Susan Geiger, pia mwaka 1997, alitumia masimulizi ya maisha ya wanawake wa TANU, Bibi Titi Mohamed akiwa mmojawapo, na kitabu chake kina faida maradufu kwa sababu kinafundisha historia na mbinu kwa pamoja.

Kazi bora ya muhula katika kozi hii ni mfuatano wa matukio wenye hoja, kuanzia jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, kupitia moto wa tarehe 10 Julai 2021 ulioliunguza, kuondolewa kwa machinga kandokando ya barabara mwezi Oktoba mwaka huo huo, mgomo wa Mei 2023 ambapo maduka yalifungwa kwa malalamiko ya ukaguzi wa kodi na usajili wa stoo hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, mgomo mwingine wa Juni 2024, kuporomoka kwa jengo la ghorofa tarehe 16 Novemba 2024, mpaka amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Mwanafunzi achague matukio mawili tu na aeleze yalibadilishaje nani anamwamini nani, kwa kuwa orodha ya matukio yote bila hoja ni kazi ya gazeti na hulipwa alama za gazeti. Magazeti yenyewe, pamoja na majalada ya Nyaraka za Taifa yaliyoko Upanga, hayana budi kuanza kusomwa mapema, maana nyaraka zina taratibu zake za kibali.

Kozi ya mbinu hufundisha ushuhudiaji shirikishi, yaani kujifunza maisha ya watu kwa kushiriki shughuli zao huku ukiziandika, pamoja na usaili, ramani na uchambuzi wa maandishi. Hapa mazoezi yana uzito kuliko mihadhara. Zoezi la kwanza linalofaa ni kuchora ramani ya kipande kifupi cha mtaa mmoja, kwa mfano Mtaa wa Kongo kati ya njia panda mbili, alfajiri, mchana na usiku, kwa sababu meza iliyopo saa nne asubuhi inaweza kuwa ya mtu mwingine saa mbili usiku, na ramani ya mara moja huficha jambo hilo. Zoezi la pili ni daftari: maneno machache huandikwa papo hapo, na maelezo kamili huandikwa usiku huo huo kwa Kiswahili kama kilivyosemwa, yakitenganisha kilichoonekana, kilichosikika na alichofikiri mwandishi. Sentensi "winga alimdanganya mteja" haina thamani katika daftari. Yenye thamani ni ile inayosema winga alitaja bei gani, aligeukia upande gani, mteja alicheka au alinyamaza, na bei ya mwisho ilikuwa ngapi. Saa moja ya kukaa barazani huweza kudai saa mbili au tatu za kuandika, na anayepanga muhula bila kuzihesabu saa hizo ataziiba kwenye usingizi. Mazoezi haya hufanywa kwa idhini ya mhadhiri kama sehemu ya mafunzo, na yaliyokusanywa kabla ya kibali cha maadili hayaingii kwenye tasnifu. Ni ya kunoa jicho. Kozi moja ya takwimu pia ichukuliwe hata kama haipendezi, kwa sababu wajumbe wa jopo la pendekezo, ambao mara nyingi si wanaanthropolojia wote, watauliza juu ya idadi ya watafitiwa, na jibu zuri hutolewa na anayeijua hesabu anayoikataa.

Kuhusu kozi za hiari, ushauri ni mfupi: mojawapo itoke nje ya idara, na iwe ile inayoelekea kupingana na msimamo wa mwanafunzi. Anayeamini kwamba mali kauli ni jambo la uaminifu akasome sheria ya mikataba au uchumi wa mikopo midogo. Anayevutiwa na baraza na fremu aangalie kama Chuo Kikuu Ardhi, chenye masomo ya mipango miji, kitampokea kwa kozi moja. Si kila kozi ilazimishwe kuihudumia tasnifu, kwani swali lisilopata upinzani muhula wa pili hupata upinzani siku ya utetezi, wakati muda wa kulirekebisha umekwisha.

Kalenda inahitaji uangalifu kwa sababu chuo na soko havifuati mwaka mmoja. Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza kati ya Oktoba na Novemba, wakati Kariakoo inajiandaa kwa msimu wa Krismasi, unaofuatwa mara moja na wa sare na madaftari ya shule mwezi Januari. Mitihani ya muhula wa kwanza huja wakati soko linapumua. Ramadhani na Idd husogea nyuma kwa siku kama 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mwenye swali la mikopo ni lazima ajue mapema kama wiki za kabla ya Idd, ambazo mali kauli huongezeka, zitaangukia muhula, mitihani au miezi ya uwandani. Zikiangukia mitihani, zoezi la kozi ya mbinu lipangwe mwaka huo ili angalau msimu mmoja uonekane.

Kibali nacho kina mlolongo wake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupata barua ya utafiti kupitia chuo. Raia wa nje hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kisha Uhamiaji kwa kibali cha ukaazi. Barua hushuka kutoka kwa katibu tawala wa mkoa hadi Wilaya ya Ilala na Halmashauri ya Jiji, kisha mtendaji wa kata na ofisi ya serikali ya mtaa, na kila ofisi ina muhuri wake na siku zake za kumkosa mhusika. Kwa hiyo pendekezo la utafiti lianze kuandikwa katikati ya muhula wa pili, msimamizi awe ameshaliona mara mbili kabla ya mitihani, na maombi yapelekwe kabla ya likizo.

Suala la maadili halimalizwi na fomu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu pia anayehifadhi majina, namba za simu na madeni ya watu kwenye kompyuta yake, na katika mtaa mdogo kutaja aina ya bidhaa pamoja na kona ya duka kunatosha kumtambulisha mwenye duka hata kama jina limebadilishwa. Mtu aliyeshika daftari Kariakoo hudhaniwa haraka kuwa ni wa mamlaka ya mapato au wa jiji, na fomu ya ridhaa inayodai sahihi huongeza dhana hiyo. Ridhaa ya mdomo, iliyoelezwa na kutetewa mapema mbele ya kamati ya maadili, mara nyingi hufaa zaidi. Picha za mzigo na za stoo ziachwe kabisa. Maelezo ya kujitambulisha yaandikwe na kujaribiwa katika semina ya mbinu mbele ya wanafunzi wengine, yakiwa mafupi kiasi cha kumalizika kabla mteja mwingine hajafika mlangoni: jina la mtafiti, chuo chake, jambo moja analotaka kujifunza, kwamba hakutumwa na ofisi ya kodi wala ya jiji, na kwamba mwenye duka anaweza kukataa leo, au kukubali leo na kukataa kesho, bila kuulizwa sababu.